Kubandika na Kukarabati Mbao za Urembo Kwenye Boti ya Faibaglasi: Mwongozo Kamili

Kila anayenionyesha boti yake mbao zikiwa zimebanduka huanza na maneno yale yale: "Ile gundi ilikuwa feki." Nami humwomba kipande kilichong'oka, nikigeuze nyuma. Mara nyingi gundi yote imebaki kwenye mbao, ngumu kama mfupa, na upande uliolala juu ya faibaglasi unang'aa kama kioo. Gundi haikuwa feki. Mbao iliishika sawasawa, ila upande wa pili ilikosa pa kushika.

Hapa nazungumzia vibao vyembamba vya mm 3 hadi 6, vya mtiki, mkangazi au mbao nyingine ngumu, vinavyobandikwa juu ya sitaha, viti vya nje, kingo na ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma ya boti. Kisizidi mm 6. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikapanuka kwa upana, kisha ikikauka husinyaa. Faibaglasi haina habari na unyevu huo. Kibao chembamba gundi hukidhibiti. Kinene kina nguvu ya kuing'oa gundi au kujipasua chenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya vyote kwanza. Epoksi, gundi ya sehemu mbili, ikishachanganywa haikusubiri ukatafute glavu.

- Vibao vikavu, unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Tazama kichwa cha kibao: chagua ambacho miviringo ya ukuaji imesimama wima. Hicho hupanuka karibu nusu tu ya kile ambacho miviringo yake imelala.
- Epoksi ya boti na hadena yake, ile sehemu ya pili inayoigandisha. Penye joto, nunua hadena ya taratibu.
- Mizani ndogo au pampu za vipimo, vikombe, vijiti bapa, na trei pana isiyo na kina.
- Silika ya unga na unga laini wa mbao, kwa ajili ya kuizidisha uzito epoksi.
- Asetoni na matambara meupe ya pamba, mengi kuliko unavyodhani.
- Msasa namba 80, 120, 220 na 320.
- Mwiko wenye meno madogo, patasi kali, kisu chenye makali mapya, na sindano kubwa za plastiki.
- Nailoni nzito na mifuko ya mchanga.
- Tepu ya karatasi, penseli, karatasi ngumu ya kukatia vielelezo, na vipande vya plastiki vya kupima mianya.
- Kalafati ya polisalfaidi (mpira wa kuziba mianya), praima yake, na tepu nyembamba isiyoshikana na kalafati.
- Vanishi ya boti yenye kinga ya jua, kama utapaka.
- Glavu za naitraili, miwani, na barakoa yenye vichujio vya vumbi na mvuke wa kemikali.

Vipo na vya kuacha dukani. Resini ya poliesta, ile iliyotengenezea boti yenyewe, haishiki mbao vizuri na husinyaa inapokauka. Silikoni huacha mafuta ambayo baadaye hata vanishi itayakimbia. Misumari na skrubu za chuma cha kawaida zitatoa kutu na kuchora madoa meusi. Sufi ya chuma nayo iache: vijiuzi vyake hukatikia ndani ya mbao, na baada ya mvua ya kwanza kila kimoja kinakuwa doa.

## Hatua ya 1: Gonga sitaha yote

Chukua bisibisi, shika upande wa chuma, gonga kwa mpini wake kila baada ya sentimita tano. Sauti kavu na fupi ni afya. Sauti tupu, kama ya debe lililofunikwa blanketi, ina maana kuna kitu kimeachana ndani.

Sitaha nyingi za faibaglasi ni kama mkate wenye nyama katikati: ngozi mbili za faibaglasi, na kati yake mbao laini ya balsa au povu gumu. Maji yakiingia kwenye tundu moja la skrubu, balsa hiyo huoza kimya kimya. Ukibandika mbao juu yake umepaka rangi ukuta wenye mchwa.

Matundu yote ya zamani yapanue kwa keekee, yaache wazi yakauke kabisa, kisha yajaze epoksi nzito. Penye eneo kubwa linalolia tupu, simamisha kazi ya urembo, ushughulikie sitaha kwanza.

## Hatua ya 2: Safisha kabla ya msasa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na wanaanguka kwa bidii: wanapiga msasa kwanza kwa nguvu zote, halafu ndipo wanasafisha.

Juu ya jelikoti, ngozi ngumu ya nje ya faibaglasi, kuna nta. Nyingine ilitoka kwenye kalibu boti ilipoumbwa, nyingine ni ya kung'arishia iliyopakwa miaka yote. Ukianza na msasa unaisukuma nta hiyo ndani ya mikwaruzo ile ile ambayo gundi inaitegemea, na hapo hakuna tambara litakaloifikia.

Tumia matambara mawili. La kwanza limelowa asetoni, linayeyusha. La pili ni kavu, linafuata nyuma papo hapo na kuokota kilichoyeyuka kabla asetoni haijaruka. Ukisugua kwa tambara moja tu unaihamisha nta kutoka hapa kwenda pale. Geuza tambara kila mara, na likichafuka litupe. Fungua hewa, zima kila kitu chenye moto. Mvuke wa asetoni hushika moto upesi.

Kipimo ni maji. Mwaga kidogo juu ya sehemu uliyosafisha. Yakitandaa kama shuka, vizuri. Yakijikusanya kuwa matone, nta bado ipo, kausha, rudia.

## Hatua ya 3: Msasa namba 80

Sasa kwaruza. Lengo ni kuua mng'aro wote bila kuimaliza jelikoti. Washa tochi, ilaze karibu na sitaha imulike kwa ubavu. Kila panapometameta bado.

Kama sitaha ina michoro ya kuzuia kuteleza, ipunguze kwa msasa, kisha sawazisha mabonde kwa epoksi nzito, uiache ikauke na uikwaruze tena. Ukiruka hili, chini ya kila kibao kutabaki vyumba vidogo vya hewa, na maji ni mpangaji asiyechelewa.

Fyonza vumbi kwa mashine. Usipulize kwa kompresa, maana hewa yake mara nyingi hubeba mafuta. Malizia na asetoni, matambara mawili tena.

## Hatua ya 4: Panga vibao bila gundi

Kata kielelezo cha karatasi ngumu cha eneo lote. Chora mstari wa katikati ya chombo, anza nao, kisha elekea pembeni pande zote mbili kwa usawa. Ukianzia ubavuni, kosa la milimita moja litazaliana hadi kibao cha mwisho kiwe na umbo la kabari.

Weka vipande vya plastiki katikati ya vibao ili mianya iwe sawa. Mm 4 au 5 inatosha. Kila kibao kiandike namba mgongoni na mshale unaoelekea omo, mbele ya boti. Utaniona nimezidi, mpaka uwe na vibao ishirini vinavyofanana, glavu zinanata na epoksi imeanza kupata joto.

Viache vibao vikae siku mbili tatu hapo hapo vitakapoishi, vimefunikwa mvua, vizoee hewa ya mahali.

## Hatua ya 5: Tayarisha mgongo wa mbao

Piga msasa namba 80 mgongoni. Kisha, kama ni mtiki, pambana na mafuta yake. Mti huu una mafuta ya asili yanayoufanya usioze haraka, na hayo hayo huikataa gundi. Sugua kwa asetoni hadi tambara litoke bila unjano, acha ikauke kama dakika 15, na ubandike ndani ya saa ile ile. Mafuta hupanda tena juu. Kibao kilichosafishwa jana usiku, leo hakijasafishwa.

## Hatua ya 6: Changanya epoksi

Pima kwa uwiano uliochapishwa kwenye kopo, tena angalia kama ni wa uzito au wa ujazo. Hadena ya ziada haiharakishi chochote. Inabaki bila mwenzake wa kuungana naye, na gundi inakuwa laini milele.

Koroga dakika mbili kamili ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Changanya kidogo kidogo. Epoksi iliyokaa nyingi kwenye kikombe chenye kina hujipasha moto yenyewe, inatoa moshi na inaweza kuyeyusha kikombe. Ndiyo sababu ya ile trei pana. Ikimwagika kwenye ngozi, futa kwa tambara, osha kwa sabuni. Usitumie asetoni kwenye ngozi. Anayeizoea epoksi bila glavu siku moja mwili wake huikataa, na mzio huo hauondoki.

Kwanza paka epoksi tupu, isiyo na unga, pande zote mbili: mgongo wa kibao na jelikoti. Vichwa vya vibao vinyweshe mara mbili, maana hapo nyuzi ziko wazi kama mirija. Subiri dakika chache, palipofyonzwa ongeza.

Kisha changanya silika na unga wa mbao kwenye epoksi iliyobaki hadi iwe kama asali nzito iliyopoa: ukiinyanyua kwa kijiti inaacha kilima kinachoanguka polepole. Itandaze kwenye faibaglasi kwa mwiko wenye meno.

## Hatua ya 7: Bandika na kandamiza kidogo

Anza alasiri, joto likishaanza kushuka. Mbao inayopata joto hutoa hewa kwenye vinyweleo vyake na kuijaza gundi mapovu. Inayopoa huinyonya gundi ndani. Joto la nyuzi 15 hadi 25 ndilo zuri kwa kazi hii.

Laza kibao kutoka ncha moja, ukikishusha taratibu ili hewa ikimbie mbele. Funika kwa nailoni, kisha panga mifuko ya mchanga.

Sasa sikiliza, maana hili nililipa kwa jasho langu. Sitaha yangu ya kwanza niliipangia matofali ya zege, nikaongeza na ndoo za maji juu. Niliona gundi inatoka pembeni kwa wingi nikafurahi. Miezi michache baadaye vibao vilianza kuinuka kimoja kimoja, na chini yake gundi ilikuwa utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Nilikuwa nimeikamua yote. Gundi nyeupe ya samani hutaka kubanwa sana. Epoksi hutaka kugusana tu, na unene kidogo wa kubaki katikati.

Uzito ukiwa sahihi, utaona ushanga mwembamba wa gundi ukijitokeza kwenye mwanya mzima. Usipotokea mahali, hapo gundi haitoshi, inua uongeze. Ukitiririka, punguza uzito. Safisha ushanga huo ukiwa bado laini, kwa kijiti kilichochongwa kama patasi.

Kwenye ubao wa tezi au ubavu, mifuko haikai. Tumia skrubu za muda zenye washa pana, zikipita kwenye mianya na siyo ndani ya kibao, kisha zitoe na ujaze matundu kwa epoksi. Zipake nta kabla, zisije zikakwama humo.

Acha saa 24. Tone la gundi lililobaki lijaribu kwa ukucha: likibonyea, ongeza siku, likikataa alama, endelea. Nguvu yake kamili huchukua hadi wiki, kwa hiyo usiruke juu yake.

## Hatua ya 8: Kalafati

Safisha mianya kwa asetoni. Laza tepu nyembamba sakafuni mwa kila mwanya, kisha paka praima kwenye kuta mbili. Watu huiona tepu hii ni anasa. Kalafati ikishikamana na kuta mbili tu, hunyooka kama mpira vibao vinaposinyaa. Ikishikamana na sakafu pia, haina pa kunyookea. Itachanika katikati au iachie ukuta mmoja, na maji yapate mlango.

Jaza kutoka chini kwenda juu, ncha ya bomba ikiwa imezama, hadi kalafati ipande juu ya mbao. Ikikauka kabisa, ikate kwa patasi na upige msasa 80, kisha 120, vyote viwe sawa.

Kwa vibao vya mm 3, mwanya hauna kina cha kutosha. Hapo mimi hujaza epoksi iliyochanganywa na unga mweusi wa grafiti, na inakaa.

## Hatua ya 9: Vanishi, au uache

Sitaha ya mtiki unayokanyaga, ushauri wangu ni kuiacha tupu. Vanishi ikilowa huteleza, na mguu ni wa thamani kuliko mng'aro. Itageuka kijivu, mwache mzee awe na mvi. Isugue kwa brashi laini na maji ya bahari, ukikatisha nyuzi. Mashine ya maji ya presha huchimba sehemu laini na kuacha matuta.

Kingo na ubao wa tezi ndiyo mahali pa vanishi. Kwenye mbao tupu, mkono wa kwanza uwe umezimuliwa nusu kwa nusu ili uzame, wa pili uzimuliwe kidogo zaidi, kisha vanishi kamili hadi ifike mikono 6 au 8, na msasa 320 kati yake.

Ukitanguliza epoksi chini ya vanishi, osha kwanza ule utando unaonata unaojitokeza inapokauka. Ni wa kuoshwa kwa maji na pedi ya nailoni. Msasa huusambaza tu. Na usiiache epoksi bila vanishi: jua huifanya kuwa njano, kisha unga.

Matambara yenye mafuta ya mbao au vanishi yatandaze nje yakauke, au yaloweke ndoo ya maji. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti.

## Ukarabati: soma mgongo wa kipande kwanza

Kabla ya kubandika tena, geuza kilichong'oka.

Gundi yote ikiwa kwenye mbao na inang'aa, jelikoti ilikuwa na nta. Rudi hatua ya 2. Gundi ikibaki kwenye boti na mgongo wa mbao ni safi, mafuta ya mtiki yameshinda. Rudi hatua ya 5. Utando mwembamba pande zote mbili? Uliikamua, kama mimi. Mbao nyeusi na laini, maji yaliingia, na lazima uutafute mlango wake kabla ya yote. Gundi ikiondoka na maganda ya jelikoti, wewe hukukosea. Jelikoti ndiyo dhaifu, au kibao ni kinene mno.

Panapolia tupu katikati. Kata mpasuko mfupi kwa kisu ukifuata nyuzi. Kama kuna maji, kausha kwa siku kadhaa. Toboa tundu dogo upande wa pili wa eneo hilo, piga epoksi kwa sindano kupitia mpasuko hadi itokee kwenye tundu. Bila tundu la pili hewa haina pa kutokea, na unajaza sentimita moja tu. Funika nailoni, weka mfuko mmoja wa mchanga.

Ukingo ulioinuka. Usiubonyeze tu na kupaka gundi. Uinue kwa kabari nyembamba, ingiza kipande cha msasa ukwaruze pande zote mbili, futa kwa asetoni, acha ikauke, kisha gundi.

Madoa meusi ya kutu. Asidi ya oksali iliyoyeyushwa kwenye maji huyaondoa; paka, subiri, suuza kwa maji mengi. Ni sumu, kwa hiyo glavu na miwani, na usipige msasa unga wake ukiwa bado juu. Doa likibaki na bisibisi inazama, huo ni uozo.

Kiraka. Mraba hupiga kelele. Kata kiraka chenye umbo la jani refu, ncha zikifuata nyuzi, na chagua mbao yenye nyuzi zinazoelekea kule kule. Kitengeneze kiraka kwanza, kingo zake zilale kidogo kwa ndani kama kizibo, kisha kiweke juu ya jeraha na uchore kwa kisu kukizunguka. Chonga shimo kwa patasi ukibaki ndani ya mstari. Kikiingia kwa kugongwa taratibu na kusimama nusu milimita juu ya wenzake, umepata. Gundi ikikauka, kipige randa kiwe sawa. Rangi itatofautiana mwanzoni; jua litawapatanisha.

Kung'oa kibao kizima. Epoksi nyingi huanza kulegea zikifika nyuzi 60 hivi. Tumia bunduki ya hewa moto ikitembea bila kusimama, huku ukisukuma kisu cha lipu chini taratibu. Jelikoti ikianza kunuka au kupata malengelenge, umechelewa kuondoa moto. Kibao kilichokwisha kufa kimegue kwa patasi, ni rahisi zaidi.

Mwezi mmoja baada ya kumaliza, na tena baada ya mvua za kwanza, rudi na bisibisi yako ugonge kila kibao. Palipobadilika sauti zungushia penseli na uandike tarehe pembeni. Duara likibaki vile vile, liache. Likikua, lete sindano wiki hiyo hiyo, lingali na ukubwa wa sarafu.